Tuta la Martine

Hapa Kyondo mtu akipanda kitu kisicholiwa, lazima tumuulize. Ardhi yenyewe imesimama wima, ukidondosha kiazi unakifuata mpaka bondeni, halafu mwenzetu anapanda maua! Asubuhi ya kwanza nilipomwona Martine ameinama, nilidhani ni vitunguu. Nikamwita juu ya uzio.

"Unapanda nini, mama?"

"Ni bluwe, Mama Phionah. Maua."

"Inaliwa?"

"Hapana. Inaangaliwa."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini ndivyo Martine alivyo. Alivuka mpaka wa Kongo na Uganda pale Bwera akitokea Beni, mkononi sufuria, kichwani kifurushi cha mizizi iliyofungwa kwenye kitambaa kibichi. Wenzake wanakimbia vita na godoro, yeye alikimbia na mizizi! Zamani alipewa na watawa wa Butembo, ambako baridi ni kama ya kwetu. Siku za soko anashuka Bwera kuuza samaki wakavu, jioni anarudi kwa boda, na kabla hata ya kuwasha moto anakwenda kuyaona maua yake.

Nyumba alipanga kwa mzee Erifazi, mwanajeshi mstaafu. Sote tunamwita Afande, maana hata mbuzi wake anawapigia amri.

Bluwe hayapendi maji yasimame kwenye mizizi, na mvua ya huku haina adabu. Kwa hiyo Martine aliinua udongo akafanya tuta refu, jembamba, afike katikati bila kulikanyaga. Akalizungushia mawe ya mtoni lisiporomoke. Maua yalipochanua, kicheko kiliniisha. Yalikuwa buluu ya wino, petali nyembamba zimetawanyika kama nyuzi, katikati zambarau. Yakinyauka anayakata mpaka chini, nami nasema basi, yamekufa. Baada ya mvua yanarudi yenyewe kutoka kwenye mzizi.

Sasa fikiria. Tuta la urefu wa mtu, mawe pembeni, maua juu, mbele ya nyumba ya mwanamke ambaye mumewe hatukuwahi kumwona wala kuambiwa aliko. Na sisi tunazika nyumbani, kaburi la mpendwa tunalipandia maua. Penye wengi pana mengi. Kisimani wakaanza kunong'ona, na mmoja akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Msemo huo nauchukia mpaka leo.

Halafu mnunuzi akaja kutoka Kasese mjini kukagua kiwanja, kwa kuwa Afande alitaka kukiuza. Hakuuliza kitu. Alilitazama tuta, akavua kofia, akarudi kwenye pikipiki yake. Kiwanja chenye kaburi nani atakigusa? Siku moja wenye maiti watakuja kusema hapa ni kwao.

Kesho yake Afande alifika na mwenyekiti wa kijiji, na kijiji nyuma yao.

"Wewe mwanamuke! Toka nje! Nani alikupa rusa ya kuzika mutu kwa poloti yangu?"

Martine alitoka na unga mikononi. "Kuzika nani, Afande?"

"Usinicheze! Bwana yako iko wapi?"

Martine alijifuta unga mikononi.

"Kama ni kaburi, leo unabeba vitu yako, unarudi Kongo!"

"Iko maua tu."

"Fukua!" Afande aliwaamrisha vijana. Hakuna aliyesogea. Nani atie jembe kwenye kaburi, laana imfuate mpaka kwa wajukuu? Hata mwenyekiti alirudi nyuma.

Martine akaingia ndani, akatoka na jembe. Yesu wangu! Nilidhani anampiga nalo Afande. Hakumtazama hata. Alikwenda kwenye tuta lake lililochanua, akainua jembe, akalishusha katikati ya buluu.

Nilipiga ukelele. Mimi niliyecheka maua yasiyoliwa, nililia kama niliyapanda mwenyewe.

Alichimba mpaka magotini. Mizizi ilikatika vipande vipande, ikaruka kila upande. Udongo ukatoka mwekundu, mgumu, haujaguswa tangu Mungu auweke pale.

"Basi," Afande alisema, sauti imeshuka. "Tumeona. Toka."

"Hapana. Mutu banamuzikaka chini sana. Ngoja uone muzuri."

Akaendelea mpaka kiunoni. Mwishowe aliegemea mpini, akamtazama Afande.

"Gracien alibakia mu barabara ya Beni. Tulikuwa tunakimbia, nikageuka, hayuko. Sijue balimutupa wapi. Afande, kama ningekuwa na kaburi ya bwana yangu, ningemuomba Mungu nini tena?"

Kisha watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, macho chini. Mwenyekiti nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Shimo alilijaza mwenyewe, akakataa nimsaidie. Mvua iliponyesha nilishtuka tena: kila kipande cha mzizi alichokikata kimetoa majani, machanga, yenye manyoya meupe. Yaliota njiani, chini ya kahawa, hata upande wangu wa uzio. Martine hakuyagusa. Alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake. Sasa ilijulikana kwamba hapana kaburi, na Afande alikuwa huru kuuza.

Asubuhi moja Afande akaja peke yake, anasukuma toroli ya mawe ya mtoni. Nilikimbilia uzio, tayari kutukana. Hakusalimia mtu. Alipiga magoti pale tuta lilipokuwa, akaanza kuyapanga mawe.

Martine alisimama mlangoni. "Afande, unafanya nini? Ukiipanga hivyo, nani atanunua?"

Hakuinua kichwa.

"Niambie, mama. Gracien alikuwa murefu namna gani?"

Martine alishika mlango.

"Alikupita kidogo."

Afande akarudi kwenye toroli, akachukua mawe mengine, akalirefusha tuta.