Maduara ya Shangazi

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika Bariadi, mmoja wao alishindwa biashara, akaniachia kompyuta yake. Nikafungua kibanda cha kuchapa barua. Wateja walikuja kwa msimu, basi muda mwingi nilijifundisha lugha moja ya programu iliyokuwa na vifaa vyake vya kuchorea. Niliiamuru ichore maduara, kila moja kwa rangi, ukubwa na mwendo wa kubahatisha. Yakaelea kwenye skrini, yakigonga kingo na kurudi. Hayakuwa na faida yoyote. Niliyapenda.

Shangazi yangu aliuza mchele mlango wa pili. Mwanawe alikwenda machimbo ya dhahabu, na kwa muda mrefu hakuwa ameleta hata salamu. Jumapili shangazi alisali kanisani. Siku nyingine alimpelekea kuku mfumu, yaani mganga wa kubashiri, naye akampasua kuku na kumsomea shangazi alama za ndani. Asubuhi moja akasimama mbele ya skrini yangu, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Ng'wangaluka, baba. Hii inasomwaje?"

"Haisomwi, shangazi. Inabahatisha tu."

"Na kuku je, anajua kabeba nini tumboni? Hebu isimamishe."

Nikaisimamisha, nimenuna. Akachagua duara kubwa jekundu, akasema ndiye yeye. Dogo la kijani, mwanawe. Yalikuwa yametengana mbali. Akaondoka. Kesho yake akaja tena, na siku zilizofuata. Loo, nilichoka! Kitu nilichotengeneza cha kupotezea muda kimegeuka mfumu, na mimi msaidizi wake.

Ila uso wake akiondoka ulinitesa kuliko maswali yake. Nilimwonea huruma. Siku moja, kabla hajaja, niliongeza mistari michache kwenye programu: popote lile dogo la kijani litakapoanzia, lilifuate kubwa jekundu mpaka liliguse.

Akaja, akatazama. La kijani likakata kona, likapita katikati ya mengine, likaenda kukaa ubavuni mwa jekundu. Nikangoja afurahi.

"Siku zote yanatangatanga," alisema. "Leo hili umeliswaga wewe."

"Nilitaka ufurahi, shangazi."

"Ungekuwa unaamini mwanangu atarudi, ungeliacha lije lenyewe."

Kweli sikuamini, na sikuwa nimemwambia mtu. Akajifunga kanga yake vizuri, akarudi kwenye mchele.