Damu ya Mzee

Gari letu lilikuwa Pijo la rangi ya damu ya mzee, na kwa miaka mingi mtaani kwetu Tanga harusi ya maana haikukamilika mpaka mume wangu ampeleke bibi harusi. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Magari ya Uarabuni yakaanza kushuka bandarini, yanang'aa unajiona uso, na letu limeliwa na hewa ya chumvi, limepauka kama mguu usiopakwa mafuta. Wateja wakatukimbia. Ikabaki harusi moja tu, ya Ijumaa, na Jumanne shangazi wa bibi harusi akaja kutuambia machoni: "Mwari wetu hapandi gari lenye ukurutu. Alhamisi nakuja kulitazama."

Mume wangu akakaa barazani kashika tama. Nilijua anachowaza. Kabla ya gari alibeba robota za mkonge bandarini mpaka mgongo ukamharibika, na gari likikataliwa, hana pa kurudi ila huko huko.

Dawa ya kung'arisha rangi hatukuwa na uwezo nayo. Hasira zikanipanda. Miaka ile sabuni ilipoadimika, vyombo vyangu nilivisugua kwa majivu na makumbi ya nazi, na vilitakata! Nikamwambia, "Kwani hili si bati?"

"Bati la gari si sufuria, mke wangu."

"Una wazo jingine?"

Nikasugua, wallahi, mpaka vidole vikachubuka. Maji yakatiririka mekundu uani, nami mjinga nikadhani ni uchafu, kumbe rangi yenyewe ndiyo inayotoka. Lilipokuwa limelowa lilimeta kama jipya, nikapiga kigelegele peke yangu. Likakauka. Yarabi! Mikwaruzo mitupu, baya kuliko mwanzo. Nikakaa chini nikalia kwa sauti.

Mfa maji haishi kutapatapa. Nikasema, kama linapendeza likilowa, basi lisikauke. Nikatwaa chupa ya mafuta ya nazi nikalipaka lote, boneti hadi buti.

Alhamisi shangazi akalizunguka, mikono kaificha ndani ya buibui. "Ee, hili sasa ndilo gari," akasema. Mume wangu akacheka; sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini.

Ijumaa jua lilikuwa kali, na mafuta yalishailainisha ile rangi niliyoichubua. Bibi harusi akaegemea mlango wa gari huku wanamkusanyia shela. Alipogeuka, nyuma ya gauni jeupe pana doa jekundu, pale pale pasipostahili. Vigelegele vikakatika. Mmoja akadakia, "Haraka ya nini, na usiku bado!" Wakaangua kicheko, na yule mtoto wa watu akalia.

Mume wangu akaruka kutoka kwenye usukani. Akajisugua kwenye mlango, kanzu yake nyeupe ikageuka nyekundu kifuani. "Ni rangi, jamani! Tazameni, ni rangi tu!" Aliwageukia mmoja mmoja. Hakuna aliyemtazama. Mwari wakampandisha gari jingine.

Ile kanzu niliifua siku mbili, kwa sabuni, maana sabuni sasa ilijaa madukani, na doa halikutoka. Jumatatu alfajiri akaniomba kanga, akajikaza nayo mgongo, akaenda bandarini kubeba robota.