Egemea Wewe Kwanza

Mpaka leo, mwanangu, nikigusa chuma chenye rangi mbichi mkono hurudi wenyewe. Nakumbuka asubuhi moja pale Bagira, na kila nikiikumbuka moyo unaruka kana kwamba ndiyo kwanza inatokea. Juzi mlinionyesha kwenye simu gundi inayoning'iniza gari zima, mkacheka kwamba kulehemu ni kazi ya wazee. Mimi sikucheka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hicho ninacho tangu ujanani.

Nilikuwa najifunza kulehemu kwa Papa Bahati, fundi wa maneno machache. Alikuwa na sheria moja tu: aliyetengeneza gardefu, yaani vyuma vya ukingo wa baraza, ataiegemea yeye kwanza, mgongo ukiwa upande wa bondeni, mwenye nyumba akitazama. Mji wetu wa milimani mnaujua ulivyo. Baraza lako liko juu ya bati la jirani, na kati yenu ni hewa tupu.

Wiki ile tulikuwa na gardefu ya Maman Nsimire, mama mwenye mtoto wa miezi michache. Jumapili mtoto angebatizwa na wageni wangejaa barazani. Papa Bahati alikwenda Kavumu kutafuta vyuma, akaniachia kazi ya kuilehemu barazani. Umeme ukakatika, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angeniambia mimi? Nikaleta gundi ya tyubu mbili, ile ya kuchanganya.

Msinione mjinga kabisa, nilipima. Nililaza kipande cha chuma juu ya kingine nikavigandisha kwa gundi, kisha nikatafuta vipande viwili nilivyovilehemu mwenyewe juma lililotangulia. Nikavining'inizia mfuko wa mchanga, hivi kisha vile. Vya moto vikakatika. Vya gundi vikabeba! Nilijiona nimemzidi mwalimu wangu akili.

Basi nyayo za nguzo zote nikazigandisha kwenye vibao vya chuma vilivyoshikwa na saruji ukingoni mwa baraza. Halafu nikapaka rangi nyeusi mpaka chini kabisa, ili Papa Bahati asione kwamba hapakupita moto. Kulisema hili kunaniuma, lakini nisipolisema nasaha hizi hazina maana.

Jumamosi asubuhi akarudi.

"Unamaliza?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi weka mugongo. Maman aone."

Nilikuwa bado nimeshika brashi. Nikainama kuiweka kwenye kopo, na Maman Nsimire, mtoto mgongoni, akatoka ndani akicheka. "Acha mimi nianze, Papa. Hii njo nyumba yangu!" Akaegemea kwa kifua, kama mtu anayemsalimu jirani wa chini.

Haikulia kama chuma kinavyolia. Ilifanya "tak", kidogo tu, kama kifuniko cha kopo. Gardefu nzima ikaenda, na Maman Nsimire akaifuata.

"Mutoto! Mutoto wangu!"

Papa Bahati aliurukia ule mgongo. Mkono mmoja ukashika kitenge alichombebea mtoto, mwingine ukashika bega, wakaanguka wote kinyumenyume juu ya saruji. Ndipo tukasikia vyuma vikitua kwenye bati la jirani. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekuwa uani. Na mimi? Nilisimama, brashi mkononi. Mtoto alikaa kimya, kimya kirefu, kisha akalia. Sijawahi kushukuru kilio namna ile.

Maman Nsimire akanitazama pale chini alipoketi. Hakukasirika, na afadhali angenipiga. "We kijana, uliyuwa?" Yaani, nilijua itang'oka?

"Hapana, Maman. Nilipima. Ilibeba."

Nilipomweleza Papa Bahati nilivyopima, akanituma niteremke nilete gardefu, akaugeuza unyayo wa nguzo. Gundi ilikuwa imebanduka kuanzia ukingoni. "Ulipima ya kuvuta," akasema. "Watu hawavutake gardefu, wanaiegemeaka. Nguzo ni murefu, inang'oa kama nyundo inang'oa musumari." Akataka kuviona na vile vipande nilivyovilehemu. Moto wangu ulikuwa umelamba juu tu, ndani haukuingia. "Moto haikushindwa. Wewe njo ulishindwa kusude," yaani kulehemu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na kama uliamini kole yako, hii gundi, rangi ilikuwa ya nini?"

Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nusura niumbuliwe na kifo cha wengine.

Wageni wa ubatizo walikaa ndani. Umeme uliporudi nikalehemu upya, Papa Bahati akinisimamia kila mshono, na hakuna aliyegusa rangi. Nikaweka mgongo, bonde nyuma yangu. Maman Nsimire akaja akanishika shati kifuani kwa mikono miwili. Gardefu ikashika. Hakuniachia shati mpaka niliposimama wima.

Mwanangu, gundi si adui. Inapenda kitanda kipana, kisafi, na mzigo unaovuta sambamba nayo. Ukiibandua kutoka pembeni inakuaga. Na moto si mtakatifu, ukilamba juu tu unadanganya vilevile. Kwa hiyo usiniulize kipi kina nguvu kabla hujaniambia mzigo utatoka upande gani. Na siku utakapoona mkono wako unatafuta rangi kabla kazi haijapimwa, simama. Wewe mwenyewe umeshajua.

Mungu akubariki mikono, akupe mgongo usioogopa kuegemea kazi yako, na akuwekee mbele yako mtu wa kukushika shati.