Hospitali Mbili Nilizozikalia

Katika saluni za hapa mjini kati, mwanamke wa kwetu Kongo hakodi kiti kabla hajaikalia saluni yenyewe. Unaingia asubuhi, unakaa kwenye benchi kama mteja, husemi kitu, unaangalia. Mteja akimaliza, anajitazama kwenye kioo au anakimbia? Mwenye saluni anamshika mtu kichwa namna gani? Jioni unajua kama kazi iko au haiko. Nimesuka nywele Durban hivyo hivyo na hakuna saluni iliyonidanganya.

Basi mjukuu wangu wa kike, niliyemlea kwa mikono hii na sasa ni daktari, naandika tena, daktari, akasema anataka kusomea magonjwa ya ubongo. Katika mji huu huu iko hospitali mbili ambako angeweza kujifunzia. Zote mbili zilimtaka, naye alitakiwa kujibu Ijumaa. Aliziweka mezani kama nyanya za sokoni: hii ina mashine nyingi, ile ina wagonjwa wengi, hii itampa jina, ile itamchosha miguu. Nikamwambia angoje, nitazikalia.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Koko," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "utawauliza bei ya rasta?"

"Cheka. Wao wamekufanyia mitihani. Wao nani amewapima?"

Nilianza na ile ya mlimani. Sakafu inang'aa, viti laini, baridi ya mashine inakuingia mpaka magotini. Bibi mzee aliyejifunga kikwembe kiunoni akikaa kwenye foleni ya hospitali, nani atamuuliza kitu? Kando yangu alikuwa mzee mmoja Mzulu na mke wake. Mkono wa kushoto wa yule mzee ulikuwa unapanda wenyewe, polepole, unapunga kama anaaga mtu nyuma yangu. Nikageuka. Ukuta tu. Mke wake akaushusha, akaubana pajani. Ukapanda tena. Mzee mwenyewe aliutazama kama tunavyotazama mtoto wa jirani akitukana: si wangu, nifanye nini.

Daktari akaja, kijana msafi, mwenye adabu. Akainua picha ya kichwa kwenye mwanga, akaisoma, akawaeleza wenzake vizuri sana. Mke akajaribu kusema habari za ule mkono. Daktari akasema yes, mama, huku macho yako kwenye picha. Mkono ukampungia yeye pia. Hakuuona.

Kesho yake nikaenda ile ya pili, upande wa bandari. Mabenchi ya mbao, watu wamejaa mpaka kwenye korido, na meli ikipiga honi vioo vinatetemeka. Nikakaa karibu na mama mmoja aliyekuja peke yake. Uso wake haukuwa na kitu, kama sahani iliyooshwa. Hakupepesa macho. Halafu, bila kunigeukia, akanisalimia kwa Kiswahili cha kwetu, Kiswahili cha Bukavu kabisa, akaniuliza mbona nimekuja na mtoto halafu namwacha amesimama.

Sikuwa na mtoto. Nikamwambia hivyo. Akasema sawa, kama mtu anayekubali uongo kwa heshima.

Daktari wao, msichana mwenye viatu vilivyolika visigino, alipotukuta tunaongea alifurahi, maana hakuwa na mtu wa kumtafsiria. Hakuniuliza mimi ni nani. Akachuchumaa mbele ya yule mama, akaniambia nimuulize: huyo mtoto yuko wapi sasa?

Nikauliza. Mama akajibu. Ilinibidi niseme kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha saluni, kwamba mtoto yuko nyuma yangu na ameshika kikwembe changu.

Sikugeuka. Siku ile nyingine niligeuka kwa ajili ya mkono wa mzee, lakini siku hii sikugeuka. Mimi nina watoto niliowazika njiani tulipokimbia vita, na hapo naacha.

Daktari akavuta kiti cha plastiki, akakiweka kando yangu. "Mwambie mtoto akae."

Nikatafsiri. Mama akatazama kile kiti muda mrefu.

"Anakataa," akasema. "Anasema mnaondoka sasa hivi."

Jioni wamama wa maombi walikuja kwetu South Beach. Walipokwisha kunisikiliza walikuwa wamekumbatia mikoba yao. Wakasema hospitali ile ina wakazi wasioonekana, mtoto wa kike asipelekwe kule. Wakanipa na maneno ya kusema: mwambie ni chafu, mwambie walimu hawafundishi, atakuamini. Na ni kweli, angeniamini. Maisha yake yote ameniamini.

Alhamisi mjukuu wangu alitoka kazini, akakaa jikoni, akavua viatu. Nikamwambia yote, mkono na mtoto, sikupunguza. Hakucheka safari hii.

"Koko, yule daktari alipouliza, alingoja jibu?"

"Alingoja. Mimi nilikuwa natafuta maneno, akangoja na mimi."

"Na kiti?"

"Alikileta mwenyewe."

"Hakuna kitabu kinachosema ulete kiti," akasema taratibu. "Basi ni kule."

Nikamuuliza kama ugonjwa ule unaruka kwa mtu. Akasema hapana, ubongo wa yule mama unakufa kidogo kidogo, na ukifa hivyo unaona vitu, mara nyingi wanyama, mara nyingi watoto, wametulia tu.

"Na hao watoto, ubongo unawatoa wapi?"

Alinitazama. Alikuwa na jibu la kitaalamu, nililiona likifika mdomoni, akalimeza.

"Hatujui, koko."

Akaingia chumbani kupiga simu. Nilimsikia akisema yes, thank you, kwa ile sauti yake ya kazi, sauti ya mtu mkubwa, na kifua changu kikajaa fahari mpaka kikauma. Nikaendelea kukoroga sombe, yale majani ya muhogo. Ila nilisogeza jiko dogo, nikapika nimeegemeza mgongo ukutani, nyuma yangu pasikae mtu.