Bibi Alipoipapasa Nyumba

Juzi mjukuu wangu alikuwa akipapasa ukuta kutafuta swichi, nikamkumbuka bibi yangu, mchana ule tulipohamia kijiji cha ujamaa.

Lori lilikuwa limeshatushusha. Nyumba yetu mpya ilinukia udongo mbichi na nyasi za paa. Bibi aliingia akaanza kupapasa kuta polepole, kona hadi kona, akinong'ona kwa lugha ya kwao. Nilidhani anaiamkia nyumba, maana kwetu mgeni hakai bila kuamkia. Nikaweka viganja ukutani, nikamfuata.

"Shikamoo, nyumba."

Bibi akasimama. "Unaongea na nani?"

"Naiamkia nyumba, bibi, kama wewe."

Akacheka. Kule Zombo tulikotoka mikono yake ilijua chungu kilipo, kinu kilipo, kizingiti kilipo. Ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba haoni tena.

"Basi kauamkie na mlango," akasema. "Kwa sauti, nisikie ulipo."

Nikakimbia. "Shikamoo, mlango!"

"Marahaba," akaitikia bibi, akaja moja kwa moja, mikono mbele.