Mama alivyomuombea mwanawe kazi Italia

Wiki hii, katika duka la dawa za mifugo hapa Mbunya, simu ya mama mmoja aliyekuwa mbele yangu ililia. Alikuwa mwanawe aliyehamia Italia, anatafuta kazi ya kukamua ng'ombe. Mama akaipandisha sauti, duka zima tukasikia.

"Mama, patron, mwenye ngombe, iko hapa pembeni. Anataka mutu mwenye ananijua aseme juu yangu. Mimi nitatafsiri."

"Mwambie unakamua muzuri, na ngombe zinakuzoea mbio. Lakini kukuamusha asubuhi, ile ni kazi ingine."

"Mama!" kijana akalia.

Muuza dawa akanong'ona, "Maman, unaua kazi ya mutoto!"

"Kwetu ukiuzisha ngombe, unasema na kama inapiga teke," mama akamjibu. Kisha kwa simu, "Tafsiri yote. Usipunguze."

Tukasikia kijana akitafsiri kwa Kitaliano, polepole, kisha kicheko kizito cha yule patron.

"Anasema nianze kesho. Nitakamua za mangaribi tu."

Mama akapokea dawa yake, akatoka bila kututazama. Sisi wa foleni tungemsifu kijana huyo kama malaika, naye angefukuzwa alfajiri ya kwanza.