Nilicheza namba zote Ruiru hadi Thika, hata golini, na hakuna namba iliyokuwa yangu

Habari za mchana, wakuu.

Nimewasoma tangu asubuhi mkisifu wachezaji wanaoweza kucheza kila mahali. Mimi nilikuwa mmoja wao, miaka ya hamsini, na nawaambia bila kuongeza chumvi: ni mateso.

Nilikuwa nafanya kazi kwa shamba la kahawa huko Ruiru. Jumapili tukitoka kanisa, mpira. Wengi wetu tulicheza miguu mitupu.

Moyo wangu ulikuwa namba tisa. Kufunga magoli, basi.

Lakini kapteni wetu, Kariuki, hakusikia hayo. Beki akiwa na malaria, "Ngugi, ingia nyuma." Winga akienda mazishi, "Ngugi, shika pembeni."

Na hiyo ilikuwa wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni. Mtu angeweza kushikwa njiani kwa kukosa pasi ya kusafiri, kwa hivyo pengo halikukosekana. Kila pengo lilikuwa langu.

Sasa, tukasikia kuna bwana wa kuchagua timu ya wilaya atakuja kutazama mechi yetu na watu wa shamba la mkonge, Thika. Kariuki akaniahidi namba tisa mbele ya timu yote.

Tukafika Thika, golikipa wetu hayuko. Amezuiliwa kwa roadblock ya askari. Kariuki akanigeukia.

"Si leo, Kariuki."

"Nani mwingine anaweza kudaka?"

Nikaingia golini.

Nilidaka penalti, wakuu. Second half beki wetu akaumia goti. Hakukuwa na sub siku hizo, kwa hivyo yeye akawekwa golini akichechemea, mimi nikapelekwa beki kumlinda. Tukashinda moja bila.

Yule bwana akanijia. "Wewe unacheza namba gani?"

Kabla nifungue mdomo, Kariuki akajibu, "Huyu? Popote."

"Popote si namba," akasema, akaenda zake.

Mnajua alimchagua nani? Golikipa wetu. Yule ambaye hakufika. Ati alikuwa amesikia sifa zake.

Nilikasirika nikahama. Nikapata kazi ya kiwanda Thika, na timu ya hapo ikaniuliza nacheza wapi.

"Namba tisa. Kingine sijui."

Nilifunga magoli msimu karibu mzima, raha tupu. Halafu siku moja kipa wetu akagongana na fowadi, akatolewa amebebwa. Kapteni akauliza nani anaweza kudaka. Nikatazama nyasi.

Akaingia Mutua, beki mrefu. Goli la kwanza alilitazama likipita kama mgeni anayekaribishwa ndani. La pili likapita katikati ya miguu yake. Na bado alikuwa anasimama kwa mstari, mikono kiunoni.

Nilivumilia nikashindwa. Walipopewa kona, nikatembea mpaka golini.

"Mutua, toka hapo."

Hawakufunga tena. Jumapili iliyofuata nikapangwa beki, kwani kapteni alishajua naweza popote.

Funzo langu ni hili: ukijua kila kazi, watu wanakukumbuka tu mwingine akikosekana. Na kunyamaza hutaweza, kwa sababu kuona kazi ikiharibiwa kunauma kuliko kunyimwa namba.

Kwa hivyo niambieni, huko kwenu kazini, nani huitwa kila pengo likitokea? Na mshawahi kumuuliza yeye mwenyewe anataka kucheza wapi? Mimi, tangu siku ile, hakuna aliyeniuliza tena.